Fundi wa Baiskeli Anajibu: Anza na Spea, Baiskeli Zitafuata

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi, na zaidi ya nusu zinauliza jambo moja: nina hela kidogo, nataka kufungua duka la baiskeli, nianzie wapi? Nimechagua moja niijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake ametaja hesabu zake zote. Nyingine tatu nitazijibu kwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi nje kidogo ya mji wa Kahama. Nimeuza mpunga na ng'ombe mmoja, nina shilingi 1,600,000. Nataka kufungua duka la baiskeli pamoja na ufundi. Nimepata chumba cha 40,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Muuzaji wa jumla wa Mwanza ananipa baiskeli mpya kwa 230,000, na hapa kwetu zinauzwa 250,000. Nimepanga ninunue sita, nizipange mbele ya mlango ili watu wavutiwe. Ufundi nilijifunza kwa mjomba; najua kuziba pancha na kufunga breki. Naomba ushauri wako kabla sijatoa hela.

*Kijana wa Kahama*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela. Hebu tuipige hesabu yako pamoja. Baiskeli sita kwa 230,000 ni 1,380,000. Kodi ya miezi sita ni 240,000. Jumla 1,620,000. Umeshapitiliza kwa 20,000, na bado hujanunua pampu, hujalipa gari la kuleta baiskeli kutoka Mwanza, huna hata kopo moja la solusheni (gundi ya viraka). Na zikiuzwa zote sita, faida ni 120,000, yaani kodi ya miezi mitatu.

Tena zitauzwa lini? Mimi niko Shinyanga, huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita kwenye kazi hii, na huku kwetu baiskeli mpya inanunuliwa na mkulima aliyekwisha kuuza. Soko la pamba hufunguliwa mwezi wa tano, na mpunga unavunwa kuanzia wakati huohuo. Kuanzia hapo hadi mwezi wa tisa utamwona mzee anafika asubuhi na hela kwenye mfuko wa shati, anaizunguka baiskeli mara tatu, anabonyeza tandiko, anapiga kengele, anaondoka. Saa nane anarudi na mwanawe, wanalipa. Lakini kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu hela yote iko shambani, kwenye mbegu na palizi, na nyumba nyingi zinanunua chakula. Miezi hiyo baiskeli mpya inakaa mlangoni inakula vumbi, na wewe unadaiwa kodi.

Jambo hili lilinipata. Mwaka wangu wa tano nilichukua baiskeli kumi na mbili kwa muuzaji wa jumla, nusu taslimu, nusu mkopo. Bei ya pamba mwaka ule ikaja chini kuliko tulivyotegemea. Niliuza tano. Saba zilibaki nje ya mlango mchana na ndani ya chumba changu cha kulala usiku, mke wangu anazikwepa akienda kuzima taa. Mvua zilipofika rimu zikaanza madoadoa ya kutu, na mteja akiona kutu anataka punguzo. Mbili za mwisho niliziuza chini ya bei niliyonunulia. Kilichotulisha mwaka ule ni sanduku la spea lililokuwa chini ya benchi, ambalo sikuwa nalihesabu kama biashara.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usianze na duka. Anza na benchi, na duka litakuja lenyewe. Chumba cha 40,000 kiache. Tafuta baraza au pembe ya banda kwenye njia ambayo baiskeli zinapita, karibu na mashine ya kukoboa, gulio au bomba la maji. Tuseme umepata kwa 15,000 kwa mwezi; miezi sita ni 90,000. Benchi, turubai la kuzuia mvua, na sanduku la mbao lenye kufuli la maana, 110,000. Vifaa, 230,000: pampu ya mguu iliyo nzito (ya bei rahisi itakufa ndani ya mwezi), spana za ringi namba 8 hadi 17, spana nyembamba za koni (zile zinazobana gololi kwenye ekseli), spana ya spoku, kitoa friwili (friwili ni ile gia ya meno ya gurudumu la nyuma), kitoa cheni, nyundo, plaizi, tindo, msasa, na jiliwa dogo la kufunga kwenye benchi. Spea, 620,000. Jumla ni 1,050,000. Zinabaki 550,000, na hizo zifungie, usiziguse. Mwezi wa tano ukifika chukua baiskeli mbili tu kwa 460,000. Zikiuzwa, chukua mbili nyingine. Zile 90,000 zinazobaki ni za ugonjwa na msiba, maana hivyo havikosi.

Kwenye spea, usinunue kila kitu. Nunua kinachokwisha. Tyubu za gurudumu la inchi 28 na la 26, tairi chache, spoku za kutosha, kotapini (pini za kufungia mikono ya pedeli), gololi za saizi zote, koni, ekseli, kebo na raba za breki, cheni, friwili, pedeli, viraka na solusheni. Kengele za rangi, taa na vishada vya usukani vinapendeza machoni lakini vinalala.

Sasa nikuonyeshe hela inatoka wapi. Nafungua daftari langu, Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwezi ambao kila mtu analia hakuna hela. Viraka tisa kwa 500, ni 4,500. Rimu moja kunyoosha, 4,000. Spoku tano kwa 200, ni 1,000. Tyubu moja, 4,500. Kotapini mbili, 1,000. Kufungua ekseli ya nyuma, kubadilisha gololi na kupaka grisi, 3,000. Jumla 18,000. Spea nilizotumia siku ile zilinigharimu kama 5,500. Zikabaki 12,500 kwa siku moja. Ile baiskeli ya faida ya 20,000 inaweza kukuweka miezi miwili ukiitazama. Na angalia, masika yanayokausha mauzo ya baiskeli ndiyo yanayoleta kazi ya ufundi: tope linaingia kwenye ekseli ya pedeli, grisi inatoka, gololi zinasagika. Kiangazi kinaleta miiba ya migunga. Benchi halina msimu mbaya.

Lakini umesema unajua pancha na breki. Mwanangu, hapo ndipo ninapoona hatari kuliko kwenye hela. Pancha kila mtu anaziba. Fundi anajulikana kwa gurudumu la nyuma. Pikipiki zimechukua abiria wetu. Miaka ile baiskeli za abiria hapa Shinyanga tuliziita daladala, na zilijaa stendi nzima. Siku hizi walio wengi kwenye baiskeli ni wabeba mizigo: mkaa, mpunga, maji. Madumu sita ya lita ishirini ni kilo 120, na mzigo wote umekaa juu ya keria. Spoku zinakatika nyuma, na zinakatika zaidi upande wa friwili. Ili upitishe spoku mpya upande ule lazima friwili itoke kwanza. Asiye na kitoa friwili anaifungua kwa tindo na nyundo, anavunja meno, kisha anamwambia mteja ilikuwa imekufa.

Baiskeli yetu ya 28, Phoenix ya China au Hero ya India, kwa kawaida ina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Kunyoosha hakuhitaji mashine. Pindua baiskeli, shika kipande cha chaki na uegemeze mkono kwenye fremu, chaki ikae karibu sana na rimu bila kugusa. Zungusha taratibu. Panapochorwa na chaki ndipo rimu ilipokuja upande wako. Hapo legeza kidogo spoku za upande wako na ukaze za upande wa pili, robo raundi, isizidi. Zungusha tena. Futa chaki, rudia. Ukimaliza gonga spoku moja moja kwa mpini wa spana na usikilize: za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayolia chini imelegea, na hiyo ndiyo itakayokatika kwanza barabarani. Mara ya kwanza itakuchukua nusu siku na utaharibu. Kwa hiyo kabla hujafungua, rudi kwa mjomba, au kwa fundi mwingine yeyote anayekubali, ukae miezi mitatu ukishika magurudumu tu. Omba rimu mbovu, ivue spoku zote arobaini, uisuke upya. Ukiisuka mara kumi, fungua benchi lako.

Na pancha nayo usiidharau, maana ndiyo inayomleta mteja kwako mara ya kwanza. Mtu akija na tairi limelala, kabla hujashika tairi weka mate kwenye vali. Vali zetu nyingi ni zile za kipira, na kipira kikichoka hewa inatoka polepole. Ukiona povu, badilisha kipira, chukua shilingi mia, mwambie aende. Nimewaona vijana wanaofungua tairi, wanabandika kiraka mahali pazima ili wachukue mia tano. Hilo sitalinyamazia: ni wizi, na mwenye baiskeli atajua, kesho kama si leo. Mwanamke mmoja anayeuza maziwa nilimtoza mia moja ya kipira zaidi ya miaka kumi iliyopita. Baiskeli tatu za nyumba yake bado zinakuja kwangu.

Ikiwa pancha ni ya kweli, tafuta mwiba kabla ya kurudisha tyubu. Sisi huku tunatumia pamba yenyewe: kipande kidogo cha pamba, ukipitishe ndani ya tairi mzunguko mzima. Pamba itanasa hata ncha ambayo kidole hakiioni. Kisha piga msasa, paka solusheni nyembamba, na ngoja. Ngoja mpaka ukiigusa isikushike kidole, ndipo ubandike. Kiraka kilichobandikwa kikiwa kibichi kinabanduka jua la saa saba.

Kuna baiskeli nyingine italetwa kwako usiku, au na kijana usiyemjua, kwa bei ya kutupa. Usiinunue. Ukinunua baiskeli iliyotumika, muuzaji aje na risiti au aje na mjumbe wake, na uandike kwenye daftari namba ya fremu. Mara nyingi imegongwa chini ya tandiko au chini kwenye ekseli ya pedeli. Nilishuhudia fundi jirani yangu akikaa ndani siku nne kwa fremu aliyoinunua kwa 30,000.

Mambo ya ofisini ni mepesi kuliko watu wanavyosema. TIN, yaani namba ya mlipakodi ya TRA, hutolewa bure. Nenda kwa mtendaji wa kata, uulize kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo na leseni ya halmashauri kulingana na ukubwa wa kazi yako. Daftari la kila siku litakusaidia huko pia, kwa sababu asiye na kumbukumbu anakadiriwa kodi. Ukipata wenzako wa umri wako wenye nia, jiungeni kikundi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo wake hauna riba. Ila usiombe mkopo kabla benchi halijafanya kazi mwaka mmoja.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Ifakara, nimeongeza biashara ya baiskeli za mtumba za Kijapani. Nilinunua tatu, nzuri kabisa, lakini matairi yamechakaa. Nikanunua matairi ya 26 kwa sababu juu yameandikwa 26, fundi akasema hayaingii. Nikabadilisha, bado. Je, nimeuziwa matairi mabovu?

*Mama wa Ifakara*

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole. Matairi ni mazima. Neno 26 ndilo linalodanganya. Lamba kidole upanguse ubavu wa tairi la zamani, utafute namba ndogo mbili zenye kistari katikati, mfano 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo ndiyo ya kuitazama.

Baiskeli nyingi za kikapu kutoka Japani zilizoandikwa 26 ni za 590. Zile za milimani, za matairi manene, nazo zinaitwa 26 lakini ni 559. Tofauti ni milimita 31, karibu upana wa vidole viwili, hakuna fundi atakayelivuta tairi mpaka liingie. Za Kijapani za 27 ni 630, na baiskeli yetu ya kawaida ya 28 ni 635. Hapo ndipo watu wanaumia, kwa sababu tairi la 635 linaingia kwenye rimu ya 630, kwa ulaini kabisa, kisha ukijaza upepo linachomoka na kupasua tyubu. Likichomoka mtu yuko kwenye mteremko ni ajali.

Kwa hiyo andika hizo namba kwenye karatasi uende nayo dukani, usitaje 26 tena. Na unapochagua mtumba safari ijayo, tazama namba kabla ya kutazama rangi. Ya 559 tairi lake utalipata karibu kila mji. Ya 590 nunua tu ikiwa matairi yake bado yana meno, au muuzaji ana mengine kwenye mzigo huohuo. Angalia pia breki ya nyuma: nyingi zina breki ya ngoma pale kwenye habu, kitovu cha gurudumu, na ikipiga kelele ya kuchoka, ukanda wake wa ndani ni shida kuupata. Bei yako iwe na nafasi ya hilo.

SWALI: Nina benchi Tabora mwaka wa pili sasa. Kazi ipo, lakini wabeba mkaa wananikopa. Wanasema wakiuza wanaleta. Nikikataa wanahamia kwa fundi wa pili. Nikikubali nakosa hela ya spea. Nifanyeje?

*Fundi mdogo, Tabora*

JIBU: Mdogo wangu, mbeba mkaa hakudanganyi. Kweli hana hela asubuhi, na kweli anayo jioni. Kumnyima kabisa ni kumwangusha, maana bila gurudumu hana jioni. Mimi nimegawa hivi: kazi ya mikono nakopesha, spea sikopeshi. Kiraka, kunyoosha rimu, kukaza koni, hizo ni nguvu zangu, akichelewa sifilisiki. Lakini tyubu na tairi nimezilipia, na zikiondoka bila hela nafilisika. Atakayekosa hela ya tyubu mpya namwekea ya zamani niliyoiziba vizuri, anaitumia siku hiyo, jioni anarudi.

Andika deni mbele yake, kwa sauti, jina na kiasi, na naye aone ukiandika. Deni la pili halifunguliwi la kwanza likiwa bado. Mwambie hivyo siku ya kwanza mkiwa mnaelewana, usingoje siku ya ugomvi. Wanaohama kwa ajili ya hilo watahama, na wengi watarudi spoku zikianza kukatika.

SWALI: Fundi, nimembadilishia mteja cheni mpya, akikanyaga kwa nguvu inaruka. Nimekaza gurudumu nyuma, nimepunguza pingili, bado inaruka. Mteja anasema cheni ni feki.

*Msomaji wa Nzega*

JIBU: Cheni yako ni nzima, friwili ndiyo imekwisha. Ya zamani ilipokuwa inarefuka ilikuwa inayala meno ya friwili pamoja nayo, vikazoeana. Cheni mpya ina pingili za kipimo sahihi, inapanda juu ya meno yaliyoliwa na kuteleza. Yatazame kwa ubavu: yakiwa yamelala upande mmoja kama mawimbi, badilisha friwili, na kuruka kutakoma.

Mara nyingine pima kabla ya kuuza. Tumia tepu ya chuma ya seremala, usitumie ya fundi cherehani, ile inavutika. Kaza cheni, weka mwanzo wa tepu katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya itasoma inchi 12 kamili. Ikisoma inchi 12 na moja ya nane, imerefuka, na friwili nayo iwe na mashaka. Mwonyeshe mteja tepu akiwa amesimama hapo, mwambie bei ya cheni peke yake na bei ya cheni pamoja na friwili, achague mwenyewe. Huyu wa sasa mwombe radhi kwa kutopima mapema, umfungie friwili kwa bei uliyonunulia.